Mbegu Hufuatwa

Walthamstow, London
15 Oktoba 2023

Shangazi Irene, shikamoo.

Barua yako ya mwezi wa saba imenifikia juzi, bahasha imelowa na kukauka tena, lakini kila neno linasomeka. Nimefurahi kwamba goti limetulia na kwamba kaka Protas amepata binti. Mpe hongera. Mwambie pia asidhani nimenuna nikiwa kimya kwenye simu. Simu ya nyumbani anakaa nayo yeye, na najua mwanao huyo husoma kwanza halafu ndipo akuite. Ndiyo maana na mimi naona raha ya barua. Mimi ni mzima. Maabara ya hospitali bado wananihitaji, chumba changu kina joto, na sokoni hapa mtaani wanauza ndizi za kupika ambazo si mbaya sana ukiziunga na nazi.

Sasa jambo lenyewe. Boga langu limepasuka.

Sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya siku za mapumziko, kwa sababu nilijua utacheka. Nakodi kipande cha shamba cha manispaa, nyuma ya reli, ukubwa wake kama ua wa nyumba yako. Humo napanda mmea mmoja tu wa boga. Unatambaa mpaka unajaza kipande chote, na ninauachia tunda moja tu. Mengine nayang'oa yakiwa kama ngumi. Hilo moja hunywa kila kitu. Mwezi wa nane huongeza zaidi ya kilo kumi kwa siku. Mwezi wa kumi wakulima tunakutana kwenye mizani, na lenye uzito mkubwa ndilo linaloshinda. Zawadi ni utepe, na watu kuziulizia mbegu zako.

Langu lilikuwa limepita kilo mia tatu kwa kipimo cha kamba. Juma la mashindano ikanyesha mvua kubwa baada ya joto. Asubuhi nikakuta ufa kutoka kwenye kikonyo hadi ubavuni, mkono unaingia. Boga lenye tundu halihesabiwi. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo. Jirani yangu wa shambani, Parminder, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Nakuru na ndiye aliyenipa mbegu za kwanza, alikuja akatazama akasema: "Pole, dada. Lakini wewe unataka mwili wa tembo na ngozi ya mtoto mchanga. Tafuta ngozi kwanza."

Tangu siku hiyo nafikiria ngozi. Nayakumbuka maboga ya kijivu ya Bibi, yaliyokuwa yanakaa darini juu ya moshi wa jiko. Tuliwahi kula moja lililovunwa msimu wa mwaka uliopita, na Babu alilipasua kwa shoka. Nataka kuchanganya damu hizo mbili. Je, bado unayapanda? Tafadhali angalia kikonyo chake: ni cha mviringo kama kizibo cha chupa, au kina pembe tano? Kama ni cha mviringo, basi ni jamii moja na yangu, na watazaana. Naomba mbegu chache. Lilian, yule nesi wa Barking ambaye kwao ni jirani yenu, atakuja huko Krismasi. Watu wa kilimo hutoa cheti cha afya ya mimea. Nimeshaulizia utaratibu wake.

Mtoto wako,
Sesilia


Mbinga
3 Januari 2024

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuita hivyo kwa kuwa jina la mama yangu unalo wewe, na tangu tumzike mwaka juzi sina mwingine wa kumwita. Marahaba. Mvua zimewahi, mahindi yamefika kiunoni, na goti limerudi kulalamika. Protas nimemsomea salamu zake, amesema una mdomo. Mtoto amebatizwa Daisy. Nikauliza, Daisy ni mtakatifu wa wapi? Protas akanimiminia chai.

Boga. Nimeisoma barua yako kwenye Jumuiya yetu ya kanisani na tumejadiliana hadi chai ikapoa. Tuna maswali. Boga la kilo mia tatu linabebwa na nani? Likishashinda analila nani? Kama haliliwi, mnalizika? Na hivyo vichanga unavyong'oa, kwa nini huvipiki? Mama Kinunda ameuliza kuhusu majani. Nimemwambia huchumi hata moja. Akaweka kikombe chini: "Msusa wote ule anauangalia tu? Huyo mtoto anaumwa." Wengine wamesema labda karanga hazipatikani huko. Nijibu, maana nimewaahidi majibu.

Ndiyo, ya mama bado nayapanda. Kikonyo ni cha mviringo. Nimekwenda shambani na miwani nikakitazama vizuri, na sasa najiuliza kwa nini miaka yote sijawahi kukitazama.

Lilian amekuja kunisalimu, amenenepa vizuri. Nimempa kifurushi chako.

Shangazi yako,
Irene


Walthamstow
28 Januari 2024

Shangazi, shikamoo.

Daisy akue. Hapa ni giza kuanzia saa kumi, na udongo umekuwa mgumu kama kigae.

Lilian alinikabidhi kifurushi stesheni ya Barking. Nilikifungua ndani ya treni. Mbegu zimekaangwa. Zina chumvi.

Nilimpigia palepale. "Shangazi alikuambia nini?"

"Kasema, 'Mpe ale.' Mimi nikajua umetamani vya kwetu. Kwani vipi, zimeungua?"

Shangazi, umefundisha sayansi kimu maisha yako yote. Unajua kwamba mbegu iliyokaangwa haioti. Nimeirudia nakala ya barua yangu na niliandika wazi. Nimekula nusu kwa hasira, na ni tamu, jambo ambalo limeniongezea hasira.

Majibu ya Jumuiya: linabebwa kwa kombeo la mikanda na mashine ya kunyanyulia. Haliliwi na watu, ni maji matupu. Hukatwa likapewa nguruwe. Vichanga navitupa kwenye mboji. Majani sichumi kwa sababu kila jani ni jiko la lile tunda moja. Karanga zipo.

Na mimi nina swali moja. Kwa nini ulizikaanga?

Sesilia


Mbinga
10 Machi 2024

Mama,

Amani iwe kwako. Tuko Kwaresima, Protas ameacha bia, na nyumba nzima tunateseka naye. Daisy ana jino.

Uliomba utumiwe, nikakutumia. Kinachotumwa ni chakula. Mbegu haitumwi, mbegu hufuatwa. Nilidhani unajua, umelelewa na nani? Nyumbani kwa mama, anayetaka mbegu anakuja kwa miguu yake. Anapiga hodi. Analikata boga yeye, analipika yeye, analila hapo hapo pamoja na mwenye shamba. Akiridhika na ladha ndipo anaingiza mkono kwenye zile mbegu, anachagua na kuziosha mwenyewe. Mwenye shamba hazigusi. Mimi niliishi nyumba moja na mama yangu, na siku nilipotaka mbegu alinitoa nje, akafunga mlango, nikapiga hodi kama mgeni. Nilikasirika kama wewe. Nilikuwa na mimba ya Protas na jua lilikuwa kali.

Kwa hiyo mbegu zipo. Zinakungoja.

Hukuja kumzika, mama. Uliandika "nimeshindwa" ukanyamaza. Kushindwa kuna sababu yake. Hapa wapo wanaosema umezaa, wapo wanaosema umefungwa. Mama Kinunda anasema umeolewa na mzee. Mimi nawaambia unalea boga, na wanadhani nawaficha.

Kuna jambo lingine linanisumbua hata kanisani. Unasema unachagua mama na baba wa boga. Mama naelewa, amekaa pale. Lakini baba unamjuaje? Nyuki haombi ruhusa. Nimekaa shambani asubuhi nzima nikiwatazama, wanaingia na kutoka kila ua kama watu wa gulio. Nieleze.

Irene


Walthamstow
14 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Msimu huanza mwezi wa nne na ukishaanza sina jioni wala Jumapili. Natumaini Protas amerudia bia yake kwa kiasi, na Daisy sasa anatambaa.

Nyuki anazuiwa kwa uzi. Nakueleza kwa utaratibu.

Jioni unatafuta ua jike litakalofunguka kesho. Utalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake, na ncha yake inakuwa imeanza kugeuka njano. Unalifunga mdomo kwa uzi laini, bila kulibana. Unafanya hivyo hivyo kwa ua dume la mmea uliouchagua kuwa baba. Alfajiri, nyuki wakiwa bado kwao, unakata dume, unamenya petali zake zote, kinabaki kijiti chenye unga wa njano. Unamfungua jike. Ndani yake kuna vinundu vinavyong'aa kama vimepakwa asali. Unapaka unga huo pole pole kote, kisha unalifunga tena mpaka kesho yake. Baada ya hapo unajua baba ni nani, bila mjadala.

Mwaka huu nilifanya hivyo mwisho wa mwezi wa sita. Nilifunga na kufungua uzi mara tatu kabla sijaridhika. Kazini nagusa damu za watu wasiojulikana na sirudii kitu. Tunda limeshika. Mchana nalifunika kwa shuka jeupe jua lisiligumishe ngozi mapema, usiku kwa blanketi. Chini nimemwaga mchanga ili liteleze likikua. Parminder anasema akilaza sikio juu yake anasikia likivuta maji. Nami nimelaza sikio. Nilisikia treni.

Mara nyingi najiuliza linakua kuelekea wapi. Mmea wa porini huzaa matunda madogo mengi, ili moja likioza mengine yabaki. Huu tumeufundisha kuweka kila kitu kwenye tunda moja. Natembea kuzunguka kipande changu nikijiuliza ni nani aliyemfundisha mwenzake.

Nimeona mvua za huko zilikuwa nzuri mwaka huu.

Sesilia


Mbinga
22 Septemba 2024

Mama,

Marahaba. Mimi ni mzima, goti si zima.

Barua yako ina kurasa za maua mbele na nyuma, na hakuna mstari hata mmoja unaojibu nilichokuuliza kuhusu mazishi. Umerukia mvua. Sawa, sitakuuliza mara mbili.

Ila maua nimeyasoma mpaka karatasi imechakaa. Lilian akija tena Krismasi, mpe mbegu za hilo jitu lako, pamoja na hicho cheti chenu, nisije nikafungwa uzeeni kwa ajili ya boga. Usiniambie nizifuate. Nimeulizia, kwenu huko hakuna mwiko huo. Sitaki kulila. Nataka kuliona.

Na uzi wa aina gani?

Irene


Walthamstow
20 Oktoba 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Uzi wa pamba, wa kufumia. Nimekuwekea wa rangi nyekundu ili usipotee kwenye majani.

Mashindano yamekwisha. Lilifika zima, au nilidhani hivyo. Tulilivusha barabara kwa mkokoteni mimi, Parminder na wanawe wawili, kila mtu ana maoni yake na hakuna anayevuta. Mkaguzi akalala chini na tochi, akaingiza kidole kwenye doa laini karibu na kitako, na kidole kikapita mpaka ndani. "Samahani," akasema. Lilipimwa kwa heshima tu. Kilo mia tatu na arobaini, zisizohesabiwa. Parminder akanishika bega: "Usilie mbele ya wazungu, lia kwenye gari." Nikalia kwenye gari. Alinipa chapati.

Mbegu ndizo hizo. Sisi huziita kwa uzito wa boga lililozizaa, jina la ukoo wa mkulima na mwaka, halafu mama yake na baba yake. Hizi zina jina letu, Kapinga, na mama na baba nimekuandikia kwenye bahasha. Panda mbili, mbali na ya Bibi, na wahi: uzipande mara tu Lilian akifika.

Nakuomba kitu, na unaweza kukataa. Jitu likitoa maua dume, na boga la Bibi likitoa ua jike, fanya kama nilivyokueleza. Mama awe wa Bibi: ngozi na nyama zitakuwa zake, ila mbegu zitakuwa na wote wawili.

Sesilia


Mbinga
16 Machi 2025

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya inakusalimu, Mama Kinunda anakusalimu mara mbili.

Zote mbili ziliota. Moja mbuzi wa Protas aliimaliza, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe mkewe nilimfokea mwanangu hadharani. Ya pili ilitambaa mpaka mlangoni. Majani yake mtu unajikinga mvua. Nilichuma machache. Usiniandikie kuhusu hilo.

Jioni moja nikaona jike la mama yangu lina ncha ya njano. Nikafunga uzi. Nikafunga na la jitu. Sikulala vizuri, kama siku ya kumsindikiza bibi harusi. Alfajiri kengele ya misa inalia, mimi niko shambani, kwenye mfereji wa chini, nimepiga magoti, goti lile lile, namenya dume petali. Ule unga wa njano unashika vidoleni! Nilipomfungua jike nilishusha sauti, sijui kwa nini. Baada ya misa Paroko akaniuliza: "Mwalimu, leo hukuonekana." Nikamjibu nilikuwa na ndoa. "Ndoa ya nani? Mbona sijaitangaza?" Nikamwambia, baba, hii ilikuwa ya dharura.

Limeshika. Nimetembelea tunda hilo zaidi ya ninavyomtembelea dada yangu. Limeanza kuwa la kijivu, umbo la mama kabisa. Ndani sijui kuna nini. Hakuna ajuaye, ndivyo ulivyosema: ngozi na nyama ni za mama, ila mbegu zina wote wawili.

Kufika mwezi wa tano litakuwa limekomaa. Nimefanya ulichoomba. Sasa njoo ulikate.

Irene


Walthamstow
20 Aprili 2025, Pasaka

Shangazi,

Kristo amefufuka. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na koti. Nimecheka, halafu nikakaa kwenye ngazi.

Siwezi kuja. Nitakuambia sababu, kwa kuwa umepiga magoti kwa ajili yangu na mimi nimekuwa nikikujibu kwa habari za mvua.

Mwajiri wangu wa kwanza hapa, maabara ndogo ya binafsi, alinyang'anywa kibali cha kuajiri wageni. Ruhusa yangu ya kuishi ilitegemea kibali hicho. Niliomba upya kabla haijaisha, wakakataa, nikakata rufaa. Jambo likiwa bado mezani naruhusiwa kuishi na kufanya kazi. Lakini nikivuka mpaka, inahesabika nimeiacha rufaa mwenyewe, na mlango unafungwa. Lilikuwa mezani Bibi alipofariki. Bado liko mezani. Sijafungwa, Shangazi, wala sijazaa, wala hakuna mzee.

Sikusema kwa sababu siku ya kuniaga Bibi alisimama mbele ya ukoo akasema aliyesoma hakuna mlango unaomshinda. Mliitikia wote. Ningewaandikiaje kwamba nimeshindwa na bahasha ambayo haijafika? Siku ya mazishi nilikwenda shambani nikachimba tu, bila kupanda kitu. Parminder alinitazama, kisha akachukua jembe lake akachimba kwake.

Sijui jibu litakuja lini. Wakili anasema labda mwaka huu. Mwaka jana alisema hivyo pia. Kwa hiyo nakuomba: ukate wewe. Ule wewe. Nitumie mbegu. Najua ninachoomba.

Sesilia


Mbinga
8 Juni 2025

Mama,

Nimeisoma barua yako peke yangu. Jumuiya nimewaambia ilihusu mbolea.

Nimekwenda kaburini nikamweleza mama. Nimemwambia mtoto hakukataa, alizuiwa. Mimi nilidhani umetuona wadogo. Zile mbegu za kukaanga, chumvi niliizidisha makusudi. Hilo nimemwambia pia.

Sasa sikiliza, na usikasirike kabla hujafika mwisho. Sitakutumia.

Boga nimelivuna na liko darini. Protas alitaka tulipike leo, Pentekoste, akasema limekaa kinyongekinyonge. Nikamwambia akiligusa atalala kwa mbuzi wake. Jitu lenyewe tulilila. Ulisema kweli, ni maji matupu, lakini mbegu zake nimezihifadhi. Hili la mama halina haraka, mama. Kukaa ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu ulilitaka. Usiniombe nilikate kwa kuwa ofisi ya huko inachelewa. Likioza kabla hujaja, msimu ujao nitafunga uzi tena. Na mwingine tena. Nimeshajua kazi.

Nitaligonga kila mwezi na kukuandikia.

Irene


Mbinga
20 Julai 2025

Mama, lipo. Nikiligonga linaita kama mlango mzito. Daisy anakimbia, anavunja vyombo.

Irene


Mbinga
31 Agosti 2025

Lipo. Panya alijaribu, akaacha meno yake. Protas amelishika kwa mikono miwili akasema, kumbe. Nilimruhusu.

Irene


Walthamstow
8 Oktoba 2025

Shangazi, shikamoo.

Ruhusa imetoka jana. Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo ndefu, kisha nikampa Parminder aisome, naye akawasomea wanawe kwa sauti, na mmoja akauliza kwa Kiingereza kama maana yake sasa nitaacha kuja kwao kula. Mama yake akampiga kibao cha kisogo.

Jumamosi ni siku ya mizani. La mwaka huu ni zima. Nimelikagua kwa tochi nimelala chini, kote. Ni zuri kuliko yote niliyowahi kulea. Parminder atalipeleka kwa jina langu. Ameniuliza kama nina akili timamu, kulea kitu tangu mwezi wa nne halafu nisikione kikipanda mizani. Ndege yangu ni Ijumaa.

Huenda nikaitangulia barua hii. Ikifika nimeshakaa mezani kwako, isome hata hivyo, nataka ujue nilivyokuwa kabla ya kuja. Nimempigia kaka Protas akupe neno moja, na nimemfanya alirudie mara tatu: msilikate. Nitapiga hodi mwenyewe. Nataka niwe wa kwanza kuona kilichomo ndani.

Sesilia